Mikayi na Nyumba ya Magurudumu

Habari ya nyumba nyeupe ilifika soko la Pap Onditi Jumatatu asubuhi, pamoja na samaki. Selpha, mama wa samaki kutoka Dunga, aliteremsha karai lake kichwani, akapangusa jasho, akamwangalia Dorca kwa ile huruma ya mtu aliyebeba jambo tamu na hajui aanzie upande gani.

"Mama Ouma, bwana yako yuko wapi wiki hii?"

"Homa Bay. Kikazi." Dorca alikuwa anapanga mafungu ya nyanya. "Kampuni imemtuma apeleke mitambo."

"Aa. Homa Bay." Selpha akamgeuza ngege mmoja ubavu wa pili, kana kwamba anaongea na samaki. "Basi Homa Bay imesogea. Mimi jana nimemwacha Dunga, amevaa kaptula."

"Kaptula?"

"Fupi. Na miguu yake ile. Amekaa kwa kiti cha kukunja mbele ya nyumba ya bati, nyeupe kama yai, nyumba iko na magurudumu, anaangalia maji kama mtu ambaye hajawahi kuona maji. Na yule msichana wa Bungoma anamkaangia mayai."

Fungu moja la nyanya likaporomoka. Dorca hakuliokota.

Tuseme ukweli, Dorca hakuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Alikuwa mikayi, mke wa kwanza, miaka kumi na tisa sasa na watoto watano, na Walter Obiero alipooa mke wa pili mwaka juzi, Dorca ndiye aliyepika chakula cha kumkaribisha. Alikubali kugawana mume kama watu wanavyokubali uzee, bila kushangilia na bila kupiga kelele. Lakini kugawana kuna utaratibu. Nyumba mpya hufunguliwa na bwana pamoja na mikayi. Wao ndio hulala humo kwanza, wengine wafuate. Ikifunguliwa na mke mdogo, ni kama kutangaza kwamba mikayi ameshazikwa, angali anapanga nyanya sokoni. Na chira, ile laana ya kuvunja mwiko, haiulizi kama nyumba ni ya udongo au ya bati.

Hayo ndiyo maneno Dorca aliyomwambia mama mkwe wake jioni ile. Hakumwambia habari ya kaptula. Kaptula ilikuwa imemchoma mahali ambapo mwiko haufiki. Miaka kumi na tisa, na hajawahi hata siku moja kumwona mume wake ameketi tu, anaangalia maji.

"Nyumba yenye magurudumu si nyumba," mama mkwe alisema. "Utamzika mtu wapi ndani yake?"

"Kwa hivyo nisiende, Mama?"

"Nani amesema usiende? Yule msichana mimi sikumtaka tangu mwanzo. Mwembamba kama antena. Nenda. Ng'ombe nitakamua mimi."

"Wewe, Mama? Na magoti hayo?"

"Magoti hayakamui. Chukua na jogoo, kwa sababu najua huyo mtoto wangu hakubeba."

Kubeba jogoo wa kufungulia nyumba ni kazi ya mwanamume, lakini mwanamume mwenyewe alikuwa na kaptula. Dorca akamtia jogoo kwenye kikapu, akavaa gauni lake la kanisani, na Jumanne saa nne asubuhi alikuwa ameshafika Dunga.

Siku hiyo ziwa lilikuwa na tabia ya mtoto anayeota meno. Jua linacheka, mara upepo, mara wingu jeusi linakuja mbio kutoka upande wa Nyakach, linamwaga matone kumi makubwa na kubadilisha nia. Akina mama wa omena walikuwa wametandaza dagaa wao juani, wameanua, wametandaza tena, na sasa walikuwa wanalitukana wingu kwa majina.

Nyumba ilikuwa nyuma yao kidogo, juu ya nyasi, imefungwa kwenye Landrova ya kampuni. Na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lilimuuma Dorca zaidi. Alikuwa ameomba njiani iwe mbaya. Ilikuwa na madirisha ya mviringo kwenye pembe, mapazia ya maua ya manjano, ngazi ndogo ya vidato viwili, na mlango uliokatwa katikati, kipande cha juu kinafunguka peke yake na cha chini peke yake.

Kipande cha juu kilikuwa wazi. Ndani yake, kama picha kwenye fremu, alisimama Nabututu, yule mke mdogo, na mwiko mkononi, nywele zimesukwa upya, mistari imenyooka kama barabara ya lami.

"Mama Ouma!" Mwiko ulianguka. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Hujambo, Nabututu. Fungua na hiyo ya chini. Mimi si ng'ombe wa kuangaliwa mabega."

Kabla msichana hajapata komeo, Walter alitokea upande wa maji. Kaptula ilikuwa kama Selpha alivyoieleza, labda fupi zaidi. Kichwani alikuwa na kofia ya Mzungu, mkononi fimbo ya kuvulia samaki ambayo ni wazi haikuwa imeshika samaki yeyote. Alimwona mke wake, akamwona jogoo, na uso wake ukapitia rangi zote ambazo uso mweusi unaweza kupitia.

"Mama Ouma! Kuna nini? Watoto ni wazima?"

"Watoto wazima, Mama mzima. Mgonjwa ni Homa Bay tu. Imehama kwao."

Walter alifungua mdomo. Bahati yake, mvua pia ilifungua mdomo saa hiyohiyo, si matone kumi tena bali mvua yenyewe, na wote watatu wakajikuta ndani, magoti kwa magoti kwenye viti viwili vinavyotazamana, meza ndogo katikati, jogoo chini ya meza.

Walikaa. Bati lilipigwa juu yao kama ngoma. Dorca aliangalia kila kitu bila kugeuza shingo: jiko la gesi lenye macho mawili, dogo kama la kuchezea, kabati za vikombe, redio, na nyuma kabisa, pazia likiwa limesukumwa nusu, kitanda.

"Nyumba nzuri," alisema.

"Si nyumba," Walter alisema upesi. "Ni karavani. Yaani ni gari. Iko na namba ya usajili huko nyuma, nenda uangalie."

"Gari lina kitanda?"

"Lori la kampuni pia lina mahali pa kulala."

"Lina mapazia ya maua?"

Walter akayaangalia mapazia.

"Lina jiko? Uliona wapi gari linapikiwa ugali?"

"Hatujapika ugali," Nabututu alisema kwa sauti ndogo. "Sufuria haitoshi kusonga."

"Mnakula nini?"

"Mkate na mayai. Jana tulikula biskuti."

Dorca alimgeukia mume wake, mtu ambaye aliwahi kukataa kwenda harusini kwa sababu alisikia watapika wali. "Biskuti," alisema. "Kweli mapenzi ni ugonjwa."

"Mama Ouma, nisikilize." Walter alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya chifu. "Hii ni ya injinia wetu, yule Mzungu. Amesafiri, akaniacha nayo wiki moja, akasema, Walter, umeendesha magari yangu miaka minne bila kulala, nenda upumzike. Ati kwao Uingereza kila mwaka watu hufunga hii nyuma ya gari, na bibi, na watoto, wanaenda pwani wiki nzima. Mvua ikinyesha wanaingia, wanacheza karata. Jua likitoka wanatoka. Mvua ikirudi wanarudi. Wiki ikiisha wanaenda nyumbani wanasema wamepumzika."

"Na bibi anayeenda naye ni yupi?"

"Wako na mmoja tu."

"Ndiyo maana wanaweza kwenda."

Nabututu alicheka kidogo, akajizuia. Dorca hakutaka acheke. Alitaka awe mtu mbaya, mwenye kiburi, mwenye kucha ndefu. Mtu mbaya ni rahisi kumwonea wivu. Unamwonea na unalala vizuri. Huyu alikuwa amekunja miguu yake chini ya kiti ili jogoo apate nafasi.

Tone moja la maji likaanguka kutoka juu. *Ta.* Likafuata lingine. Bati la injinia, pamoja na Uingereza yake yote, lilikuwa linavuja, na lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Kabla hajafikiria, Dorca alikuwa amesimama, amechukua ile sufuria isiyosonga ugali, ameenda kuiweka chini ya tone. Ni mikono tu. Miaka kumi na tisa mikono yake imekimbilia kila kitu kinachovuja.

Ndipo akaona mito.

Mito ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa na shimo la kichwa katikati. Wa pili ulikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani.

"Nabututu," alisema polepole. "Huu mto mwingine mbona haujafunguliwa?"

Walter alianza kukohoa. Nabututu hakumwangalia.

"Muulize mwenyewe! Tangu Jumamosi analala kwa Landrova. Ati mgongo. Mgongo gani huo unapenda usukani kuliko godoro?" Sauti ilikuwa inapanda, na machozi nyuma yake. "Nimeomba ruhusa kazini wiki nzima. Nimesuka nywele masaa sita. Halafu giza likiingia ananiambia usiku mwema, anafunga huu mlango kwa nje, nalala peke yangu kama mlinzi wa kampuni! Nikafikiri nimemkosea. Nikafikiri amenichoka."

"Nabu," Walter alisema.

"Wacha Nabu! Sasa nimejua." Alimnyooshea Dorca kidole. "Kumbe ni wewe. Uko Pap Onditi na bado umelala katikati yetu. Mimi nimekuonea wivu tangu siku nilifika, Mama Ouma. Akikula kwangu anasema chumvi ya Mama Ouma haiko hivi. Akifunga kiatu anasema Mama Ouma ndiye alinunua. Nikasema wiki moja tu, Mungu wangu, wiki moja kando ya ziwa, nitakuwa na bwana ambaye hana Mama Ouma ndani yake."

Dorca alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kitu kilimpanda kifuani, kitamu, cha moto, kama chai ya kwanza asubuhi ya baridi. Hakuilalia nyumba. Hakuilalia! Mwanamume mzima amejikunja kwenye Landrova siku tatu kwa ajili yake.

Lakini wivu ni mwanafunzi mwerevu; ukimpa jibu anatafuta swali lingine.

"Walter," alisema. Hakumwita Baba Ouma. "Uliogopa chira, au ulinikumbuka mimi?"

Walter aliangalia kofia. Aliangalia dirisha. Mvua ilinyesha. Chini ya meza jogoo aliamua kwamba saa tano na nusu ni alfajiri, akawika kwa nguvu zake zote.

"Hata jogoo amejibu," Nabututu alisema, akasimama. Alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Mimi narudi mjini. Nyumba fungueni wenyewe." Mlangoni alisimama, akageuka. "Mama Ouma, hiyo desturi yenu mimi sikuijua. Haki. Kama angeniambia, ningesema twende wote ama tubaki wote."

"Najua," Dorca alisema. Na alijua. Iliuma kujua.

Msichana akashuka vidato viwili, akaingia mvuani bila kitu kichwani, na ile mistari ya nywele ya masaa sita ikaanza kulowa.

Walter alikuwa ameelekea dirishani. Aliangalia tu, na Dorca alimwona akiangalia. Aliujua huo mtazamo. Aliwahi kuupata yeye, mwaka wa sitini na tisa, katika kibanda cha ujana wa Walter kilichovuja kama chujio, walipokaa wameshika karai moja kwa mikono minne na kucheka mpaka mama mkwe akauliza kuna nini huko. Wakati huo Walter alimwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa. *Nyar Seme, shika karai. Nyar Seme, usinicheke.* Halafu watoto wakaja, na jina likafunikwa na Mama Ouma, kama sakafu inavyofunikwa na mkeka. Alikuwa ameshasahau kwamba liko chini.

Sasa mtazamo ule ulikuwa unamfuata mtu mwingine mvuani, na ulikuwa wa kweli. Anampenda. Hakuna chira wala mwiko wa kuliondoa hilo.

Pembeni ya mlango kulikuwa na mwavuli mkubwa wa injinia. Dorca akauchukua, akamsukumia Walter kifuani.

"Mpelekee."

"Mama Ouma..."

"Mpelekee, nimesema! Atashikwa na homa, kisha niambiwe mimi ni mchawi."

Alitoka mbio. Dorca alibaki na kipande cha juu cha mlango wazi. Aliwaona wakikutana karibu na mitumbwi iliyolazwa. Mwavuli ulifunguka. Wakaingia chini yake wote wawili, wakatembea mpaka barabarani, wakasimama. Mwavuli ukainama. Sasa aliona miguu tu: miwili myembamba, miwili ya kaptula. Ikasimama hapo. Ikazidi kusimama.

*Ta,* sufuria ilisema. *Ta. Ta.*

Angeweza kuondoka. Kikapu kilikuwa pale. Alifikiria maonyesho ya kilimo ya Kisumu, mwaka wa sabini na tisa, Walter amepata tiketi mbili, amesimama mlangoni na shati jipya. *Twende, siku moja tu.* Na yeye, bila hata kuinua kichwa: *Na ng'ombe atakamuliwa na nani?* Walter alienda peke yake. Hakuuliza tena. Miaka hiyo yote Dorca alikuwa na uchungu kwamba haulizwi, na kumbe aliulizwa mara moja, na siku hiyo alikuwa na ng'ombe.

Alipotazama tena, barabarani hapakuwa na miguu wala mwavuli.

Basi. Wameenda wote. Akafunga kipande cha juu, akashusha komeo. Akakagua na la chini. Akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, gauni la kanisani, kama mgeni aliyefika nyumba isiyo na mwenyewe. Akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama.

Nje jua lilitoka ghafla huku mvua bado inanyesha, na ndani ya mwanga huo akasikia nyayo zinakimbia kwenye maji, *chwa, chwa, chwa,* zikasimama chini ya ngazi.

"Hodi."

Dorca akainuka, akasogea mlangoni.

"Hodi hapa."

"Nani?"

"Ni mimi. Obiero."

"Obiero yupi? Yule wangu yuko Homa Bay kikazi."

Mvua ilisema maneno yake kidogo.

"Alidanganya," sauti ilisema.

"Kwa nini alidanganya?"

"Alitaka kukaa aangalie maji. Akaogopa kukuuliza. Alijua utasema ng'ombe."

Dorca aliuma mdomo. "Mwavuli uko wapi?"

"Nimempa. Nimempandisha gari la mjini." Akapumua. "Nimemwambia ukweli wote. Amenitukana Kibukusu. Nimemwambia Jumapili nitafika kwake kuomba msamaha, akasema atafikiria kama atafungua mlango."

"Ana akili yule msichana."

"Ana akili." Ngazi ikalia. "Na ng'ombe nani anakamua?"

"Mama yako."

"Mama? Na magoti yale?"

Hapo karibu acheke, akakaza roho. "Nilikuuliza swali, Walter. Hukulijibu."

"Nimelijibu njia nzima nikikimbia." Alikuwa ameinamia mlango sasa, sauti yake ilipita kwenye ufa kati ya vipande viwili, karibu kabisa na sikio lake. "Chira iko na dawa. Mzee angenichemshia majani, ninywe, niingie, nilale. Sikuogopa hiyo. Lakini kila nikiweka mguu kwa hii ngazi, nasikia vile ungesema. Ungelicheka hili jiko. Ungecheka mapazia. Ungesema hii sufuria ni ya kupikia panya. Nikaona nitaingiaje mahali pazuri hivi na wewe hujapacheka? Nikaenda Landrova."

Dorca alifumba macho.

"Na kaptula," alisema. "Hukuogopa ningeicheka?"

"Kaptula niliomba usiione."

*Ta,* sufuria ikasema nyuma yake.

"Nyar Seme," Walter alisema taratibu, "nanyeshewa."

Hapo. Jina lilitoka chini ya mkeka, zima, halina hata vumbi. Dorca alisimama na mkono kwenye komeo kwa muda ambao ungetosha kuchemsha yai. Kisha akafungua kipande cha juu.

Alikuwa amelowa mpaka kope. Viatu vilikuwa mkononi, kofia ya Mzungu imemwinamia masikioni, kaptula imemganda mapajani. Nyuma yake akina mama wa omena walikuwa wanatandaza tena, wanapiga kelele kwamba mara hii jua limeamua, na ziwa lote lilikuwa jeupe, linameta kutoka hapo mpaka milima ya ng'ambo.

Walter alinyoosha mkono kwenye komeo la chini. Dorca akaufunika kwa wake, akaushikilia palepale.

"Ngoja kwanza," alisema. "Sogea kidogo. Nataka kuangalia maji."